Doa la Mwenyekiti

Mtaa ule ulikuwa na mabishano mengi, lakini juu ya dobi ulikuwa na kauli moja: doa likivuka kizingiti chake halitoki likiwa hai. Wino, kutu, grisi ya mnyororo wa baiskeli, chai iliyomwagikia koti jeupe la mhudumu wa hoteli dakika ishirini kabla ya zamu, yote aliyapokea kwa tabasamu la mtu aliyefikiwa na mgeni aliyemngoja siku nyingi. Alikuwa na miaka hamsini na minne, mwembamba, ncha za vidole zimekunjamana kwa maji, na hakuwa na uwezo wa kukaa karibu na doa bila mkono kumwasha. Siku moja, akiwa kwenye foleni ya benki, alimwendea bwana asiyemjua, akampangusa bega kwa leso iliyolowa, kisha akarudi na kukuta foleni imesogea na nafasi yake imeliwa. Hakujuta. Alisema bega lile lilikuwa linamwita.

Nyumba yake ilikuwa na vyumba vitatu nyuma na ukumbi mmoja mbele, na ukumbi huo ndio uliokuwa duka: mabeseni manne, mashine moja ya kufulia iliyotembea hatua mbili kila ilipokamua, kamba za kuanikia kutoka ukuta hadi ukuta, na rafu za nguo zilizokunjwa, kila nguo ikiwa na uzi wa rangi ndani ya ukosi ili isipotee njia. Meza ya pasi ilikuwa milki ya mama mmoja wa makamo ambaye mtaa ulimwita Redio, kwa sababu habari iliyomfikia asubuhi ilikwisha kusikika kituo cha mafuta kabla ya saa sita.

Mtu mmoja tu katika ukoo mzima hakumpa dobi hata leso aifue, naye alikuwa mama mkwe wake. Chanzo chake kilijulikana. Mwaka wa kwanza wa ndoa, dobi alimrudishia mama huyo shuka lisilo lake, jeupe, limenyooka kama karatasi, na pembeni lina muhuri mkubwa wa nyumba ya wageni iliyokuwa karibu na stesheni. Mama alilitandika bila kutazama, tena siku aliyokuwa na ugeni wa heshima. Wageni walilitazama shuka, wakatazamana, mpaka mmoja wao akauliza kwa upole, "Samahani, mama, na taulo pia huwa wanakuruhusu ubebe?" Nyuzi za rangi zilianza wiki ileile. Lakini mama alikuwa amekwisha kununua beseni lake mwenyewe, na kwa miaka ishirini na miwili akafua kwa mikono yake.

Sasa mama alikuwa anakwenda hospitali ya mji wa pili kutolewa mtoto wa jicho, na binti yake, yaani mke wa dobi, ndiye wa kumsindikiza. Mke huyo alikuwa na ombi moja ambalo kwa miaka mitatu hakuchoka kulirudia: mama aache kuishi peke yake katika nyumba yenye ngazi kumi na tisa, aje akae nao, chumba kipo. Jibu la mama lilikuwa neno moja, "Tutaona," na lilitamkwa kwa namna ambayo hakuna aliyewahi kuona chochote.

Asubuhi ya safari, mama aliteremka kwenye teksi akiwa amekumbatia kisanduku kikubwa cha kioo.

"Shikamoo, Mama," dobi alisema, akapangusa mikono.

"Marahaba. Pokea. Polepole! Hilo si furushi."

Ndani ya kioo, juu ya maranda yaliyojaa hadi nusu, walikuwamo panya wawili wa jangwani, wale wa kufugwa: rangi ya mchanga, wadogo kuliko ngumi, mikia mirefu yenye kishungi cha manyoya nchani. Walikuwa madume, ndugu wa tumbo moja, nao waliachwa na mpangaji wa mama aliyehama. Mmoja aliitwa Mwenyekiti, kwa kuwa muda wote alisimama wima juu ya kitu, akitazama watu kama anayesubiri wanyamaze. Wa pili aliitwa Katibu, kwa kuwa kila karatasi aliyopewa aliichana vipande kabla mtu hajaisoma.

"Sikiliza, baba," mama alisema. "Mwanangu ananing'ang'aniza nihamie kwenu. Sijakataa, sijakubali. Hawa tangu wazaliwe wanalala shimo moja, hawajawahi hata kununiana. Nakwenda siku kumi na mbili. Nikirudi nikawakuta wanaishi vizuri chini ya dari lako, na mimi nitaishi. Nikikuta vingine, nawabeba, nakwenda zangu, na mazungumzo hayo yasiletwe tena mbele yangu."

"Mama, nitawatunza kama hariri."

"Hilo ndilo linalonitisha."

Mkewe alimvuta pembeni kabla ya kuingia garini. "Baba Watoto, nakuomba. Maji, mbegu, basi. Usibuni kitu."

Hakubuni kitu siku ya kwanza. Hakubuni kitu siku ya pili. Kuhusu siku ya tatu masimulizi yanapingana: Redio hushikilia kwamba ilikuwa Jumatano, lakini daftari la kupokelea nguo linaonyesha kuwa Jumanne hiyo, baada ya saa nne, hakuna hata soksi moja iliyoandikwa, na dobi hajawahi kuacha kuandika isipokuwa awe na jambo zito. Jambo lenyewe lilikuwa hili. Mwenyekiti alisimama wima, akaegemeza mikono kwenye kioo, akaonyesha tumbo. Na katikati ya tumbo lile jeupe, dobi akaliona doa.

Lilikuwa la njano-njano, refu kidogo, kiasi cha punje ya maharage, lenye mng'ao wa mafuta. Mkono ukamwasha.

"Bosi," Redio alisema bila kuinua macho kwenye pasi, "huyo ni panya."

"Naona kuwa ni panya. Naona pia kuwa ni doa."

"Huenda kazaliwa nalo."

"Hakuna kiumbe anayezaliwa na doa la mafuta, Redio. Mafuta humwagika."

Akaandaa maji ya uvuguvugu. Akachukua sabuni laini, ile ya sweta za sufu, akamtia Mwenyekiti katika kibeseni cha leso, akamsugua tumbo kwa kidole gumba, mviringo-mviringo, kama afanyavyo kwa hariri iliyodondokewa mchuzi. Mwenyekiti akatoka majini mdogo kama kidole, uso umejaa fedheha. Akasuuzwa mara tatu, akakaushwa kwa taulo, akapashwa joto karibu na meza ya pasi mpaka akavimba kama pamba. Doa lilififia bila kutoka, jambo lililomkera dobi. Na kwa kuwa hakuna kitu kilichoondoka mikononi mwake bila heshima ya mwisho, akamtia tone moja la maji ya kulainishia nguo, yale yenye manukato ya waridi. Alikusudia kumfua na Katibu pia, lakini Katibu alikuwa shimoni, anachana risiti.

Akamrudisha Mwenyekiti nyumbani akiwa safi kuliko panya yeyote katika historia ya mtaa.

Katibu alitoka shimoni. Akanusa. Akarudi nyuma hatua moja. Akanusa tena, kisha akagonga chini kwa miguu ya nyuma, du-du-du, kama hakimu anayetaka utulivu mahakamani. Mwenyekiti, asiyejua kosa lake, akasogea amsalimie. Kilichofuata hakikuwa na kichwa wala mkia, ingawa vyote viwili vilikuwamo: walishikana wakawa mpira mmoja wa manyoya, ukabingirika kutoka ukuta huu hadi ule, maranda yakiruka hadi kwenye shati la mteja lililokuwa limepigwa pasi.

"Kikao kimevunjika!" Redio alipiga ukelele. "Bosi, kikao kimevunjika!"

Dobi alitaka kutia mkono, Redio akamdaka kiwiko. "Utang'atwa mpaka mfupa, toa mkono!" Akamtupia kikombe cha kupimia sabuni. Dobi akamfunika nacho Mwenyekiti, akatelezesha kipande cha kadi chini yake, akamhamishia kwenye ndoo ya bati. Palikuwa na alama ya jino penye shina la mkia, na tone moja la damu.

Wahenga walisema, ndugu wakigombana chukua jembe ukalime. Dobi hakuwa na jembe, akachukua pasi. Alinyoosha suruali sita kwa uadilifu mkubwa, akaamini kuwa sasa hasira zimeshuka, akamrudisha Mwenyekiti. Mpira ukabingirika upya. Akachukua pasi tena, suruali zikaisha, akaanza kunyoosha vitambaa vya kupangusia meza, na hasira za Katibu hazikushuka hata inchi moja.

Jioni simu ililia.

"Wajumbe wangu hawajambo?"

"Hawajambo, Mama. Na jicho?"

"Limefungwa kama duka la sikukuu. Wanafanya nini saa hizi?"

Dobi alitazama kisanduku, akatazama ndoo. "Kila mmoja ametulia mahali pake, Mama."

Ilikuwa kweli tupu, neno kwa neno, na ilimlazimu Redio kujifunika uso kwa taulo.

Kesho yake, daktari wa mifugo alipita kuchukua makoti yake meupe. Alimkuta dobi amemshika Katibu kwa mkono mmoja uliovaa glavu nzito, na mkono wa pili una sabuni. Kwani usiku huo dobi alikuwa amewaza akafikia uamuzi kwamba, kwa kuwa Mwenyekiti alikuwa safi na bado amani haikuwapo, basi bila shaka chanzo cha fujo ni uchafu wa Katibu.

"Dobi," daktari alisema taratibu, "weka sabuni chini."

"Daktari, hawa wanataka kuuana."

"Weka sabuni chini kwanza."

Akasimuliwa yote. Masimulizi yalipofika kwenye maji ya waridi, daktari alikaa juu ya kapu la nguo, akacheka mpaka miwani ikaanguka ndani ya wanga.

"Lile si doa. Ni tezi. Kila dume anayo, hata huyo uliyemshika. Wanajipaka harufu yake kila mahali. Ndiyo kitambulisho chao. Sasa wewe umemfua mwenzio."

"Nimemwosha tu."

"Nguo hufuliwa, mtu huoga, vyombo huoshwa. Wewe ulisugua, ukasuuza mara tatu, ukalainisha. Umemfua! Ilibaki kumpiga pasi."

"Lakini alikuwa ananuka, Daktari."

"Alitakiwa anuke! Nduguye anamjua kwa kunuka. Wewe umemfanya anukie. Fikiria: umekaa kwako, anaingia mtu, sura ya kaka yako, lakini ananukia waridi. Utasemaje?"

"Mimi," Redio alisema, "ningepiga yowe la mwizi."

Dobi aliketi. Miaka thelathini na miwili alikuwa ameishi kwa imani kwamba kati ya kunuka na kunukia kuna herufi moja tu, na kwamba yeye ndiye aliyeajiriwa kuiongeza. Kibao chake mlangoni kilisema hivyo kwa maandishi ya buluu. Haikuwahi kumpitikia kwamba kuna kiumbe ambaye herufi hiyo ingemfukuza kwao.

"Dawa yake?"

"Wavu wa chuma katikati ya kioo, uwagawe, matundu madogo wasing'atane. Mara tatu kwa siku unawabadilisha: huyu kwenye upande wa yule, yule kwenye upande wa huyu. Kila mmoja alale kwenye harufu ya mwenziwe, mpaka harufu ziwe moja tena. Wakianza kulala wamegusana kwenye wavu, ndipo uwajaribu pamoja, mahali padogo, ukiwa na kikombe mkononi."

"Siku ngapi?"

"Saba. Kumi. Hawana kalenda. Na dobi," daktari alisimama, akavuta koti lake, "maranda usibadilishe. Kioo usisugue. Hakuna kusafisha kitu humo. Hakuna."

Mama alikuwa anarudi baada ya siku nane.

Hizo ndizo siku nane ambazo dobi, kwa kauli ya mkewe, alizeeka upande mmoja. Wavu ulikatwa, ukakazwa. Saa mbili asubuhi, saa nane mchana na saa kumi na mbili jioni, ndugu walibadilishana mikoa kwa kikombe cha sabuni, na ratiba ikaandikwa kwenye kadi ya nguo na kutundikwa kwa pini. Maranda yakawa na rangi. Kioo kikawa na alama za pua. Harufu ikaanza kujitegemea. Dobi alipita mbele ya kisanduku mikono ikiwa mfukoni, na mikono ilipogoma kukaa mfukoni aliikunja kifuani, na siku ya sita Redio alimkuta ameikalia.

"Bosi, mikono imekufanya nini?"

"Niache. Kuna alama pale pembeni inanikonyeza."

Mtaa ukapata kazi. Redio alitoa taarifa kila baada ya kubadilisha mikoa, akisimama mlangoni na pasi mkononi: Katibu amegonga miguu mara nne, jana ilikuwa kumi na moja, Mwenyekiti amegeuza mgongo kwa makusudi, mazungumzo yanaendelea. Watu walileta nguo zisizo na doa ili wapate kuingia. Fundi viatu alikuwa upande wa Mwenyekiti, mwuza magazeti upande wa Katibu, na yeye ndiye aliyekuwa anamletea karatasi za kuchana, jambo ambalo fundi viatu aliliita hongo. "Fahali wawili hawakai zizi moja," fundi alisema. "Hao si mafahali, ni vifungo vya shati," mwuza magazeti akajibu, na ikabidi dobi awatoe wote nje.

Na kila jioni simu: "Wajumbe hawajambo?" "Wanaonana kila siku, Mama." "Wanakula?" "Kwa wakati mmoja, Mama."

Siku ya tisa kugonga miguu kulikoma. Siku ya kumi Katibu alisukuma kipande cha gazeti kupitia tundu la wavu. Mwenyekiti akakipokea, akakikagua, akakitandika. Siku ya kumi na moja, mchana, wote wawili walikuwa wamejenga viota kwenye kona moja, huyu huku na yule kule, wakalala migongo imegusana kwenye chuma. Dobi alipiga magoti akawatazama. Kesho asubuhi, alijiambia. Kesho asubuhi nitautoa wavu, na jioni Mama akifika atakuta amani.

Saa tisa alasiri ileile teksi ilisimama mlangoni.

"Wameniruhusu mapema," mama alisema, jicho moja likiwa chini ya kitambaa cheupe, mkono mmoja begani kwa bintiye. Dobi aliruka, akavuta shuka kutoka kwenye kamba, akalitupa juu ya kioo.

"Shikamoo, Mama! Pole na safari!"

"Marahaba. Shuka hilo linaficha nini?"

Angeweza kusema wamelala. Lingekuwa kweli, neno kwa neno. Lakini jicho lile moja lilimtazama, akamwona na mkewe nyuma yake, amekwisha kusoma uso wake wote, na kope zimeanza kulowa.

"Mama," alisema, "nimemfua Mwenyekiti."

"Umemfanya nini?" mkewe aliuliza.

"Nilimfua. Niliona doa." Akasimulia yote, tangu kidole gumba hadi waridi, hadi mpira wa manyoya, hadi wavu, hadi ratiba iliyotundikwa, bila kuruka hata suruali moja. Kisha akalitoa shuka.

Mama aliinama. Alitazama wavu, viota viwili, maranda yenye rangi.

"Niliwaacha pamoja," alisema. "Nimewakuta wametengwa."

"Ndiyo, Mama."

"Fungua."

"Mama, nilipanga kesho, ili—"

"Nimeona nusu ya dunia kwa siku kumi na moja. Fungua, nione kama nusu hiyo inatosha."

Dobi alivaa glavu. Akatwaa beseni dogo, akatia ndani maranda ya pande zote mbili yaliyochanganywa, akaweka kikombe karibu. Akamteremsha Katibu. Akamteremsha Mwenyekiti. Wakanusana pua. Mwenyekiti akasimama wima. Katibu akasimama wima. Wakasukumana viganja kama watoto wanaocheza makofi, na Redio akaziba macho kwa taulo lakini akaacha pembe moja wazi. Dobi akainua kikombe. Kisha Katibu akashuka, akajikunja mdogo, akaingiza kichwa chini ya kidevu cha mwenzake na kungoja. Mwenyekiti alifikiri. Akaanza kumlamba sikio.

Yowe la Redio lilisikika kituo cha mafuta bila kupitia kwa mtu mwingine. Mke wa dobi alimkumbatia mumewe pamoja na glavu, fundi viatu na mwuza magazeti waliokuwa dirishani wakashikana mikono wakarukaruka kama waliofunga bao, na mashati matatu yakaanguka kutoka kwenye kamba. Mama peke yake hakusogea. Aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akalitazama beseni mpaka kivuli cha mlango kikafika ukutani, na mpaka ndugu wawili wakawa rundo moja lililolala ambalo usingeweza kujua mkia upi ni wa nani.

"Siku nane," alisema hatimaye. "Umekaa na uchafu huu siku nane. Wewe."

"Nane, Mama."

"Hukuugusa?"

"Nilipangusa kioo mara moja." Akasita. "Kwa nje."

Mama alianza kucheka polepole, mabega kwanza, kisha kifua, mpaka ikambidi ashike kitambaa cha jicho kisidondoke. Bado akicheka alitoa simu mkobani, akamkabidhi bintiye ampigie jirani anayetunza nyumba yake, kisha akaipokea na kuiweka sikioni.

"Haloo? Ndiyo, nimefika. Sikiliza: kuku chukua wewe. Wote. Hapana, sirudi, nahamia huku kwa mkwe. Ndiyo, huyo huyo. Kesho gari litakuja kuchukua godoro langu, na mito, na blanketi la kahawia." Alimtazama dobi kwa jicho lake moja, akanyanyua kidole. "Na tafadhali, mtu asifue kitu. Vije hivyo hivyo vinavyonuka."